Shingo za Shaba

Jumamosi, 7 Septemba

Daktari amesema presha yangu imepanda, na kwamba kila nikitaka kugomba niandike kwanza. Basi naandika.

Wamehamia leo. Binti yangu Michelle na mumewe Wayne, na masanduku yao, na kitanda kilichogoma kupita mlangoni, na makopo ya unga wa kujaza misuli ambayo Wayne ameyapanga juu ya meza yangu. Ni ile meza ya chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia, na kila mtu aliyewahi kuingia nyumba hii anajua kwamba haiwekwi kitu.

Meza hiyo ni ya risasi. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini, mzaliwa wa Bukoba, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa North York, na ninapiga shabaha. Nilianza JKT, jeshi la kujenga taifa, kambi ya Ruvu, nilipomaliza kidato cha sita. Afande mmoja aliona tundu moja tu kwenye karatasi yangu akanitukana kwamba risasi nyingine nimewapigia ndege. Aliposogea karibu akakuta zote zimepita palepale. Huku Toronto, watoto walipokua, nilichukua leseni, nikajiunga na klabu, nikanunua bunduki, na baadaye nikajifunza kujaza risasi mwenyewe. Unaokota ganda tupu la shaba, unabana shingo yake, unaweka fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya, ile ncha inayoruka. Mume wangu Tumsifu hajawahi kugusa bunduki. Ni mtu wa amani, na kanisani wanamsifia kwa hilo.

"Mathe, hii meza ni noma," Wayne akaniambia. "Tutashare, ama?"

Mathe, kama anavyomwita mama yake! Bukoba mkwe akimwona mama mkwe anapisha njia. Huyu wa Nairobi ananipiga begani.

"Baba, toa makopo yako," nikamwambia.

"Sawa, Mathe. Kesho."

Tumsifu akasema tumwache kijana apumue.

Jumatano, 11 Septemba

Makopo bado yapo.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa Wayne alinionyesha bunduki yake. Ameinunua mwaka huu, risasi zake saizi ileile ya zangu. Anataka Novemba twende wote kuwinda kulungu, na anataka kutumia vyombo vyangu.

Nilijitahidi kumweleza kwa upole. Risasi ikilipuka, ganda hutanuka likajaa chemba ya bunduki na kuchukua umbo lake, kama kiatu kinavyochukua umbo la mguu. Shingo nayo hutanuka, kwa hiyo lazima ibanwe ili ishike kichwa kipya. Kwa kazi hiyo ninayo dai ya shingo, kalibu ya chuma unayoifunga kwenye mashine ya kujazia, na ndani yake inakaa bushi. Bushi ni pete ndogo unayoichagua kwa kipimo. Yangu ni ya 336, yaani sehemu 336 za elfu moja za inchi. Ukiweka kubwa mno, shingo haishiki kichwa. Ukiweka ndogo mno, inakaba na kichwa kinaingia kimepinda. Tofauti yenyewe ni nyembamba kuliko unywele.

"Ganda lililopigwa na bunduki yangu ni la bunduki yangu," nikamwambia. "Lako ni lako. Tusichanganye."

"Hiyo najua, Mathe. Nimecheki video zote."

Nilikuwa nimebakiza jambo moja. Kubana shingo peke yake hakutoshi milele. Ganda likishapigwa mara kadhaa, mwili wake na mabega yake navyo huvimba, na lazima ulipitishe kwenye dai nzima, ile inayobana ganda lote, la sivyo siku moja litakataa kuingia kwenye chemba. Nilipofungua mdomo tu, Wayne akainua kiganja, macho yakiwa kwenye simu.

"Hiyo ya kubana ganda yote ni mambo ya kitambo. Siku hizi watu wanabana shingo tu."

Nikafunga mdomo. Mtu aliyefundishwa na simu aulize simu.

Jumamosi, 21 Septemba

Makopo yametoka mezani. Yamehamia juu ya friji yangu.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimeshika kalamu kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Nilikwenda uwanja wa shabaha na Nazir, yule mwana wa Tanga ninayepiga naye shabaha kila Jumamosi. Hali ya hewa tulivu, jua la kuagana na mwaka. Nikapiga. Matundu yakatawanyika kwenye karatasi kama mchele uliomwagwa. Nikadhani ni mimi. Nikapumua, nikapiga tena, hali ikawa ileile.

"Dada Domina, leo umekunywa nini?" Nazir akacheka.

Nikachukua risasi moja ambayo sijaipiga, nikagusa kichwa chake kwa dole gumba. Kikazama. Kilididimia ndani ya ganda kama msumari kwenye sabuni.  Kichwa kikirudi nyuma hivyo, nafasi ya baruti hupungua na nguvu ya mlipuko hupanda, na uso wangu upo hapo hapo nyuma ya bolti, kile chuma kinachofunga chemba. Nikafunga kila kitu, nikarudi nyumbani.

Nikaifungua dai. Bushi iliyomo ni ya 338. Ya kwangu ya 336 imelala kwenye kisanduku, mahali pa mwenzake. Bushi haina miguu.

Nilisubiri chakula cha jioni. Samaki na ndizi. Sikupandisha sauti.

"Wayne, umebadilisha bushi yangu."

"Si mimi, Mathe."

"Ni nani basi? Mimi? Michelle, asiyejua hata swichi ya taa ya chini iko wapi?"

"Sijaguza hiyo kitu."

"Ungeweza kuniua leo. Unaelewa? Mtu akigusa kitu cha mwenzake anasema. Hata mtoto anasema."

Wayne akamtazama Tumsifu. Tumsifu alikuwa anatoa miiba kwenye samaki, mmoja mmoja, kwa makini ya mtu anayefanya upasuaji. Wayne akainamisha macho.

"Si mimi. Nimeshasema."

Michelle akaingilia kwa Kiingereza chake, kwamba namwonea mumewe, kwamba tangu siku ya kwanza nimekuwa nikitafuta kosa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sikulitafuta, nimelikuta limefungwa kwenye dai yangu.

"Mwongo hali mezani kwangu," nikasema.

Wayne akainuka. Akapeleka sahani yake kwenye sinki, akaiosha, akaipangusa, akaiweka kabatini, akashuka chini. Hata kuosha sahani alifanya kwa kiburi.

Tumsifu akasema, "Domina, tusikuze mambo."

Jumapili, 29 Septemba

Nimenunua kabati la chuma na kufuli. Dai, bushi, baruti, fataki, vyote ndani. Ufunguo nimeuvaa shingoni pamoja na msalaba.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua. Wayne ananisalimu kama mtu anayepita mbele ya askari wa mpakani. Vizuri.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani ya huku Kanada. Michelle alitaka kila mtu aseme anachoshukuru kabla ya kukata bata mzinga. Tumsifu alishukuru kwa nyumba yenye amani. Nusura nicheke. Wayne alimshukuru "Dad" kwa kumpokea kama mwanawe. Mimi hakunitaja, utadhani kodi ya nyumba hii inalipwa na upepo.

Zamu yangu ilipofika nikasema nashukuru kwamba duniani kuna kufuli.

Michelle alitoka mezani. Bata alikuwa mkavu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wayne amenunua mashine yake mwenyewe ya kujazia risasi. Ameifunga kwenye dawati la zamani la Michelle, lile alilofanyia kazi za shule, upande wa pili wa mashine ya kufulia. Dai ya shingo tu, yenye bushi. Dai nzima hakununua. Sasa kila jioni tunakaa tumepeana migongo, kila mtu na mashine yake, na katikati yetu nguo zinazunguka.

Namsikia anavyovuta mkono wa mashine. Anavuta vizuri, sitadanganya. Havuti kwa pupa. Hilo nalo linaniudhi.

Jumapili, 20 Oktoba

Padri amehubiri juu ya ulimi. Tumsifu alinigusa kiwiko. Nikakitoa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wote tulikuwa uwanjani: mimi na Nazir meza moja, Wayne peke yake meza ya mwisho. Baridi ya kwanza ya kuuma. Wayne amekuwa akipiga karibu kila wiki kwa maganda yaleyale, anapenda baruti ya kusukuma sana, na kila akirudi nyumbani anabana shingo na kujaza tena.

Leo niliona. Anaingiza risasi, anasukuma bolti, bolti inasimama kabla ya kufika mwisho. Anaongeza nguvu. Haifungi. Anaipiga kwa kiganja kama mtu anayefunga friji iliyojaa, ndipo inashuka. Ikafuata nyingine iliyoingia sawa. Halafu nyingine tena, kiganja. Maganda yamevimba. Yanamwambia kwa lugha ambayo hata kiziwi angeisikia, na yeye anaangalia karatasi yake na kutabasamu kwa sababu matundu yamekaa pamoja.

Nazir naye aliona.

"Dada, bolti ya mkweo inagoma."

"Anazo video," nikasema.

Nazir alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye darubini yake. Nazir si mtu wa kuingilia ya watu, na leo nilimshukuru kwa hilo.

Ningeweza kutembea hatua chache nikamwambia. Ganda lililovimba halipasui bunduki, linakataa tu kuingia. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi. Litamgomea, ataaibika, atajifunza. Acha aaibike. Mimi niliaibishwa mezani kwangu na mtoto wangu mwenyewe.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua na majani. Majani na mvua.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi Michelle alinikuta jikoni nakaanga vitumbua. Nilikuwa namwambia, kwa maneno ya kawaida kabisa, amwambie mumewe asiache buti mlangoni. Akalipuka. Akasema kwa Kiingereza kwamba amechoka kuniona nikimtesa mtu ambaye hakunikosea. Nikamuuliza tangu lini kumwekea mtu risasi mbovu si kosa. Akageuka, uso umemwiva.

"Ask Dad," akasema. Muulize baba.

Nikazima jiko.

Tumsifu alikuwa uani anakusanya majani, kofia ya mvua kichwani. Nilisimama mbele ya reki yake.

"Nani alibadilisha bushi yangu?"

Hakuuliza bushi ipi. Hapo hapo nikajua.

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia," akasema.

"Nafasi gani? Tunalala kitanda kimoja."

Akaeleza akiwa ameinamia reki. Alishuka kutafuta bisibisi. Mimi nilikuwa nimesafisha dai na kuiacha wazi mezani. Kiwiko chake kikagonga kisanduku, bushi zote zikamwagika sakafuni, na ile ya ndani ya dai nayo ikaruka. Akaziokota akazirudisha alivyoona inafaa. Zote ni pete tu, akasema, zote zinafanana.

"Na Wayne?"

"Alikuwepo. Alinisaidia kuokota zilizoingia chini ya mashine."

"Akaona unavyorudisha?"

"Alikwenda kuosha mikono. Alijua zimeanguka tu. Usiku ule wa samaki ndipo alipoelewa." Akavuta majani machache kwa reki. "Nilimfuata chini nikamwomba asiseme."

"Ulimwomba."

"Domina, wewe ukianza huishi. Nilisema litapita."

Mvua ilikuwa inamchuruzika kwenye ukingo wa kofia na sikuona huruma hata kidogo. Mtu amemwacha kijana wa watu aitwe mwongo mbele ya mkewe, amekaa mezani siku ya Shukrani akashukuru kwa amani. Na kijana akabeba, akamwambia mkewe tu, kwa sababu baba mkwe amemwomba. Miaka yote hii nimedhani mimi ndiye mkali na yeye ndiye mwema. Sasa nimejua wema wake hulipiwa na nani.

"Usiniongeleshe," nikamwambia.

Nilishuka chini moja kwa moja, na nguvu zote za kuomba radhi nilikuwa nazo. Wayne alikuwa kwenye dawati anabana shingo. Maganda yamepangwa safi, shingo zinang'aa, miili imevimba. Alikuwa anaandaa risasi za kuwinda, maana Nazir ameshatuandalia kibanda na hakuna kati yetu anayetaka kuwa wa kwanza kujitoa.

"Wayne."

"Ndiyo, Mathe." Hakugeuka.

"Ijumaa tunaondoka mapema. Uwe tayari."

"Niko tayari."

Ndilo pekee lililotoka. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na maneno mawili, moja la bushi na moja la maganda, na nisingeweza kutoa la pili bila kuanza na la kwanza. Na la kwanza lilikwama. Nikapanda juu. Vitumbua vilikuwa vimenyonya mafuta yote.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefunga mizigo. Sijasema.

Jumapili, 10 Novemba

Tumerudi. Tumsifu ameuliza safari ilikuwaje, nikapita kama sijaona mtu.

Tulilala Ijumaa kwenye kibanda cha Nazir, kaskazini, kupita mji wa Bancroft. Kwenye gari Wayne aliweka vitu masikioni njia nzima. Nazir alitupokea kwa chai ya tangawizi na amri juu ya buti, maana sakafu ya kibanda chake anaipenda kuliko jamaa zake. Jana kabla ya mapambazuko tukatoka na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa. Nazir alikwenda kilimani. Mimi nilikaa ukingoni mwa shamba la zamani lililorudi kuwa nyasi. Wayne alikuwa mbele yangu, upande wa kinamasi, niliweza kumwona vizuri kwa darubini.

Mvua ya barafu ikaanza, ile ya kuchoma mashavu. Kulungu dume akatoka msituni taratibu, akasimama akinusa. Alikuwa karibu na Wayne, na Wayne alikuwa kati yake na mimi, hivyo sikuweza hata kuinua bunduki. Wayne alisubiri vizuri. Akapiga.

Mnyama alijikunja mgongo. Nilijua mara moja: tumboni, nyuma kuliko inavyotakiwa. Hiyo humpata hata aliye mzoefu. Mnyama hakukimbia. Alisogea kidogo, akasimama upande, ubavu wote wazi, anatetemeka. Mtu mwenye risasi ya pili angemaliza hapo hapo.

Wayne alivuta bolti, ganda likaruka. Akasukuma. Bolti ikasimama.

Nilimwona kwa darubini kama ninavyoiona karatasi hii. Alisukuma tena. Akapiga kwa kiganja. Akapiga kwa ngumi. Akajaribu kuirudisha nyuma, ikawa imeng'ang'ania. Kulungu anasubiri. Hakuna neno jingine: anasubiri. Halafu akaanza kutembea, kichwa chini, akaingia kinamasini.

Tulimfuata asubuhi nzima. Damu kidogo, majani yaliyogeuzwa, nyayo zinazojaa maji. Maji yalifika magotini, baridi yake inakata. Wayne alitangulia na bunduki iliyogoma na kila tulipokuta mahali mnyama alipolala akainuka tena, nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyeungua.

Tulimkuta mchana chini ya mti ulioanguka. Alikuwa hai. Aliinua kichwa akatutazama.

"Piga, Mathe," Wayne akasema. "Tafadhali. Piga."

Nilipiga.

Wayne akachuchumaa pale matopeni, akageuza mdomo wa bunduki pembeni, akaigonga bolti kwa kipande cha gogo mpaka risasi ikatoka. Akaishika mkononi akiizungusha.

"Shingo iko sawa," akasema. "Nilipima zote. Iko sawa kabisa. Kwa nini ikatae?"

Aliuliza kweli. Hakuwa na kiburi chochote kilichobaki ambacho ningeweza kukishika.

"Shingo haina tatizo," nikasema. "Mwili ndio umevimba, na mabega. Ukibana shingo tu mara nyingi, ganda linafika mahali haliingii tena. Ulitakiwa uyapitishe kwenye dai nzima."

Akanitazama. "Ulikuwa unajua itagoma?"

Ningeweza kusema hapana. Angeamini.

"Nilikuona uwanjani mwezi uliopita. Ulikuwa unaipiga kwa kiganja."

"Wacha nielewe. Uliona. Ukaniona nikijaza hizo risasi kila jioni, hapo nyuma yako. Na ukaniacha nikuje nazo huku?"

"Siku ile nilitaka kukwambia ukanikatiza."

"Siku moja, mwezi wa tisa!" Alisimama. "Ningekuwa mjinga siku moja, sawa. Mimi ni mjinga. Lakini huyu?" Akaonyesha kulungu. "Huyu amekukosea nini? Ametembea na tumbo wazi asubuhi yote juu wewe umeninunia."

Nikavuta bolti yangu, nikalitoa ganda, nikalitia mfukoni. 

"Najua si wewe uliyebadilisha bushi," nikasema.

"Umejua lini?"

"Jumamosi iliyopita."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Wiki nzima. Sawa, Mama Michelle."

Tulimburuta yule mnyama wote wawili, kila mmoja na pembe yake, mpaka njiani. Nazir alikuja na gari akapiga kelele juu ya damu kwenye zulia, kisha akaona nyuso zetu akanyamaza. Tulimpasua pamoja. Sehemu ya nyama ilikuwa imeharibika kwa uchafu wa tumbo, tukaitupa. Wayne alifanya kazi yake yote, akasafisha visu vyake, na vyangu pia.

Jumatatu, 11 Novemba

Presha imepimwa kliniki. Sitaandika ilivyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamehama. Wamepata nyumba ya vyumba viwili ghorofani mtaa wa Mount Dennis, hapahapa Toronto. Michelle alifunga kila kitu bila kunitazama. Nilimwambia achukue sufuria kubwa, akasema ana sufuria. Wayne aliagana na Tumsifu kwa mkono, na mimi kwa kichwa.

Tumsifu alibeba masanduku mpaka jasho likamtoka, kisha akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Utanikasirikia mpaka lini?"

"Nimejikasirikia mwenyewe kwanza. Wewe upo kwenye foleni."

Jumatano, 20 Novemba

Nyumba kimya. Nilikaa mezani kwangu chini, nikafungua kabati, nikalifunga.

Jumapili, 24 Novemba

Jana nilimwambia Tumsifu tutakwenda Mount Dennis, wote wawili.

"Wewe nenda kwanza," akasema. "Mkishapatana nitakuja."

"Hapana. Hiyo ndiyo tabia yenyewe. Utakwenda, na utasema ulichofanya kwa mdomo wako, mbele ya mtoto wako."

"Nitasema nini, Domina? Mtu mzima kama mimi?"

"Sema hivyohivyo: mtu mzima kama wewe."

Hatukuongea tena mpaka kulala. Lakini leo asubuhi nilimkuta anapiga pasi mashati mawili, moja la misa na moja la Mount Dennis.

Jumamosi, 30 Novemba

Theluji ya kwanza iliyoshika ardhi. Tulikwenda kwa basi, tukashuka Weston Road, tukatembea tukiwa tumeinamisha vichwa. Kwenye lifti Tumsifu alibonyeza ghorofa isiyo yenyewe, kisha nyingine isiyo yenyewe.

Wayne ndiye aliyefungua. Alikuwa na taulo la jikoni begani. Hakusema karibu. Michelle alisimama nyuma yake.

Nilikuwa nimejiandaa hotuba na yote ikanitoka. Nikasema nikiwa bado kwenye korido, majirani wanapita na mifuko yao.

"Nilikuita mwongo na hukuwa mwongo. Nilipojua, sikukwambia. Nikaona risasi zako mbovu na nikanyamaza makusudi, nikitaka uaibike. Haikuwa kusahau. Nilitaka. Nisamehe."

Nikamgeukia Tumsifu. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilitamani kumsemea, kama ninavyomsemea kwa daktari na benki na kanisani. Nikauma ulimi.

"Ni mimi niliyeangusha zile pete," akasema mwishowe, akiongea na zulia la mlangoni. "Nikakufanya wewe uzibebe. Niliogopa maneno ya mke wangu kuliko nilivyojali jina lako. Ni aibu, mwanangu. Mimi ndiye baba, na nimefanya aibu."

Michelle alikuwa analia kimyakimya. Wayne alifuta mikono kwenye taulo, kidole kwa kidole.

"Nimewasikia," akasema. "Lakini sijasamehe bado. Sitaki kudanganya mtu. Nikifunga macho namwona yule mnyama akisimama, ananingojea."

"Na mimi namwona," nikasema.

 Jirani mmoja akapita akatusalimu, hakuna aliyemjibu.

"Michelle amepika," akasema kisha. "Ni ile nyama. Mkitaka, ingieni."

Tukavua viatu. Meza yao ni ndogo, magoti yaligusana. Wali, mchicha, na mchuzi wa kulungu. Michelle alipakua, akampa baba yake, akanipa mimi. Nyama ilikuwa ngumu, nyama ya mnyama aliyekufa amechoka na maumivu, na kila mtu pale mezani alijua ni ngumu kwa nini. Tumsifu aliisogeza kando ya sahani. Mimi niliitafuna yote.